Chungu Afichwacho Mgeni

Mgeni anapobisha hodi Kiuyu wakati wa chakula cha mchana, jambo moja hutangulia kufanyika kabla hajakaribishwa mkekani. Chungu cha bada hufunikwa na kusogezwa nyuma ya mafiga, mtoto hutiwa fedha mkononi akakimbizwa dukani kuleta mkate au kilo ya mchele, kisha mama mwenye nyumba hutoka na uso wa bashasha akiomba radhi kwamba leo hakikupikwa kitu. Kitu kimepikwa. Kimeshughulikiwa tangu asubuhi na mikono iliyokuna nazi mbili, ikatwanga kisamvu na kumchambua ng'onda mwiba mmoja baada ya mwengine. Ila mwenye nyumba haamini kuwa mgeni atakubali kukiita chakula.

Lawama isimwangukie mama huyo. Yeye amefundishwa kuona haya, na waliomfundisha wanajulikana. Ni wale ambao kwa miaka mingi wamejipa kazi ya kuueleza ulimwengu "mapishi ya Zanzibar", katika vitabu vya picha vinavyouzwa kwa watalii, katika matamasha, katika vipindi vya redio na televisheni, na katika kurasa za utamaduni kama hizi. Husema Zanzibar wakakusudia Unguja; husema Unguja wakakusudia Mji Mkongwe; na Mji Mkongwe nao, kwao, ni pilau, biriani, sambusa, urojo na meza za Forodhani jioni taa zinapowashwa. Pemba huingia katika maelezo hayo kama karafuu inavyoingia katika pilau: harufu yake hutakiwa, yenyewe hutolewa ikawekwa kando ya sahani.

Pilau haina kosa. Ni pishi zuri lililokuja na bahari likazoeka, na hakuna harusi ya pwani inayotimia bila yake. Kosa ni kulifanya pishi la sikukuu kuwa ndio upishi wote wa watu, hata ikawa mtu aliyekula bada na kisamvu siku mia tatu za mwaka anahesabiwa kuwa siku hizo hakula chochote kinachostahiki kuandikwa.

Kiuyu ni rasi ya kaskazini mashariki ya Pemba, katika Wilaya ya Micheweni. Asiyepata kuifika, akili yake ikiwa imejaa sifa za "Kisiwa cha Kijani", atashangaa. Mikarafuu iko kwenye vilima vya magharibi. Huku ni ardhi ya maweni, udongo haba juu ya jiwe la matumbawe, na maji ya kunywa yana taabu yake. Watu wake ni wavuvi, wakulima wa muhogo na mtama, na wanawake wake wamo katika kilimo cha mwani, kazi iliyoanza Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980 na kisha ikavuka kuja Pemba. Takwimu za serikali zimeiweka Micheweni, uchunguzi baada ya uchunguzi, miongoni mwa wilaya maskini kabisa za Zanzibar. Basi mtu anayepita na gari akachungulia sufuria hujiona amekwisha kuelewa: hawa wanakula muhogo kwa kuwa hawana. Hapo ndipo hoja inapoharibika, kwa sababu umaskini unaweza kueleza kwa nini muhogo umo ndani ya chungu, lakini hauelezi hata kidogo namna ulivyopikwa.

Na namna ulivyopikwa ndiyo elimu yenyewe. Muhogo humenywa, ukapasuliwa, ukaanikwa juani mpaka ukawa makopa. Kuna muhogo mtamu na kuna muhogo mchungu wenye sumu, na mpishi hana maabara wala kitabu. Ana ncha ya ulimi, jina la mbegu alilopewa na mama yake, na hesabu ya siku za jua. Akikosea anaweza kuwaua watoto. Makopa hutwangwa kinuni, unga ukachekechwa, kisha ukasongwa katika maji yaliyotokota hadi mwiko unasimama wenyewe. Bada iliyosongwa na mtu asiyejua hushika meno kama ulimbo. Iliyosongwa na anayejua hukatika tonge kwa tonge, ikang'ara, ikapita kooni na mchuzi bila ya kuusubiri.

Kitoweo chake ni ulimwengu mwengine. Kisamvu hutwangwa kikachemshwa muda mrefu, kwani majani ya muhogo nayo yana sumu ile ile na hayataki haraka. Wakati huo nazi inakunwa kwenye mbuzi. Chicha hutiwa maji ya vuguvugu, ikakamuliwa kwa kifumbu, na tui la kwanza, lile zito liitwalo kasimile, huwekwa kando kwa heshima yake. Chicha hukamuliwa tena, na tui hili la pili jepesi ndilo linalotangulia chunguni ili kisamvu kiive nalo taratibu. Kasimile huja mwisho kabisa, moto umepunguzwa, mkono wa mpishi ukikoroga upande mmoja bila ya kusita, maana tui likikatika halishoneki. Kama pana ng'onda, amekwisha kuroweshwa chumvi imtoke. Kama pana pweza aliyechokolewa miambani maji yalipokupwa, amekwisha kupigwa hata akalegea, na huchemka kwa maji yake mwenyewe kabla ya kuonja tui. Siku ambayo hakuna nazi, samaki hupikwa chukuchuku kwa chumvi na ndimu tu, na mpishi wa chukuchuku hana pa kujificha: samaki akiwa wa jana, kila mlaji atajua.

Msomaji anayependa ushairi ana sababu yake ya kulisikiliza hili, hata kama hajali kabisa chakula cha Kiuyu. Kiswahili cha jikoni ni miongoni mwa Kiswahili kilichopimwa kwa makini kuliko vyote. Muhogo wa maji matupu hupwazwa. Maharage hutokoswa. Samaki wa vijitini hubanikwa. Kiazi cha kwenye majivu huvumbikwa. Mchuzi huungwa. Wali hupaliwa, makaa yakapandishwa juu ya kifuniko ili joto lishuke kutoka juu kama lilivyopanda kutoka chini, na kinachogandamana na chungu kina jina lake, ukoko, na wenye kukigombania. Kila kitenzi hapo kinasema moto ulikuwa wapi, maji yalikuwa kiasi gani na mpishi alisubiri vipi. Sasa fungua hadithi na mashairi ya vijana wengi yanayoletwa kwa wahariri: chakula "kinapikwa", au kikizidi sana "kinakaangwa". Vitenzi kumi vimekufa ndani ya kimoja, na aliyeviua hajui kuwa alikuwa navyo, kwa sababu alilelewa katika nyumba ambayo chungu hufichwa mgeni akija.

Mfano ulio mbaya zaidi umo madukani. Kopo la nazi iliyokamuliwa kiwandani huandikwa "maziwa ya nazi", na watu wa pwani, watu ambao babu zao walipanda minazi, sasa husema "maziwa ya nazi" bila ya kuona aibu. Nazi haina kiwele. Kiswahili kina tui, kina tui la kwanza na la pili, kina kasimile; lugha iliyotafsiriwa kwenye kopo hilo ina neno la kuazima kwa ng'ombe. Mfasiri anayeacha tui akaandika maziwa amewafanya wenye nyumba kuwa wapangaji katika nyumba yao, na hapana mfasiri anayejiheshimu anayeweza kulitetea hilo kwa kusema kwamba watu wamezoea.

Kuna neno jengine ambalo kisa chake kinachekesha na kuliza. Katika ardhi ya pwani humea mmea uitwao uwanga. Kiazi chake ni kichungu na kina madhara kwa mtu atakayekila kama kilivyo. Wanawake wa pwani hii walijua tangu zamani kukikuna, kukiosha kwa maji baada ya maji, kuyaacha yatuame, na kuvuna kutoka chini ya chombo unga mweupe kama chokaa wa kupikia uji. Leo kila mtoto wa skuli ya msingi hufundishwa kuwa muhogo, mchele na mahindi ni "vyakula vya wanga". Neno analo katika daftari lake la sayansi, lakini haoni uhusiano wake na mmea ulio nyuma ya nyumba yao, wala mwalimu hamwonyeshi. Baraza la Kiswahili la Zanzibar limefanya jambo la kushukuriwa kwa kutoa Kamusi la Lahaja ya Kipemba. Hata hivyo kamusi hutunza jina la chombo tu. Mkono uliokishika hautunziki kurasani.

Hujibiwa, na wanaojibu huwa wamesoma, kwamba upwa huu haukuwa na upishi wowote hata majahazi ya Uajemi, Bara Arabu na Bara Hindi yalipouleta. Hoja hiyo ingepaswa kunyamaza tangu miaka ya 2000, pale Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walipochimba Tumbe na Chwaka, katika wilaya hiyo hiyo ya Micheweni, na Sarah Walshaw akazichunguza punje zilizoungua katika majivu ya kale. Tumbe palikuwa na kijiji kikubwa baina ya karne ya 7 na ya 10, na nafaka iliyotawala mekoni mwake ilikuwa uwele. Chwaka, mji uliofuata tangu karne ya 11 hadi ya 16, uliupokea mchele ukaupa nafasi ya mbele. Kwa maneno mengine, watu wa kaskazini ya Pemba walikuwa na jiko lao, nafaka yao na chungu chao, kisha wakachagua kubadilika polepole, kwa karne nzima na zaidi. Waliofukua majumba na misikiti hiyo wanauhusisha mchele na karamu, na heshima ya kulisha watu wengi kwa pamoja. Kwa hivyo hata ule wali wa heshima unaotumiwa leo kuidharau bada ulipata heshima yake papa hapa, mikononi mwa wapishi wa hapa. Pemba baadaye ikalima mpunga hata ikailisha Mombasa katika zama za Wareno. Pepeta inayotwangwa kwa mpunga ambao haujakomaa sawasawa ni ya mabonde ya kisiwa hiki. Mchele unaoletwa kwa meli kutoka Asia, ambao mtoto wa Kiuyu hukimbizwa dukani kuununua kwa ajili ya mgeni, hauna ukoo na pepeta hiyo.

Atakayesema kuwa muhogo nao ni mgeni, atakuwa amesema kweli. Ulivuka bahari kutoka Amerika ya Kusini, kama ulivyovuka mbegu ya pilipili na ya mahindi. Lakini asili ya pishi haitafutwi katika mbegu, kwani kwa kipimo hicho Mtaliana hana nyanya na Mhindi hana pilipili. Muhogo ulifika pwani mbichi na wenye sumu, na waliouzoesha makopa, bada na kisamvu cha tui ni wanawake ambao hakuna mtu aliyewaandika majina.

Ipo hoja nzito kuliko hizo, na haitolewi na wasomi. Inatolewa na wazee wa Pemba wenyewe. Wanaikumbuka njaa ya mwanzo wa miaka ya 1970, serikali ilipozuia mchele wa kigeni kwa jina la kujitegemea, na watu wakala walichokipata: muhogo bila ya kitoweo, ndizi changa, mizizi ya msituni. Kwa mtu aliyepita hapo akiwa mtoto, bada haina ladha ya nazi. Ina ladha ya foleni, ya vitisho na ya mama aliyejinyima. Anapowalisha wajukuu wali wa duka anawaahidi kuwa siku zile hazitarudi. Mtu kama huyo hawezi kuambiwa kwamba anauhini utamaduni wake, na anayemwambia hivyo hastahiki kusikilizwa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Ila njaa ile ina fundisho jengine ambalo wazee hao hao hulisimulia wakiachwa waseme mpaka mwisho. Mizizi haikuwaokoa watu kwa kuwa ilikuwepo ardhini tu. Iliwaokoa kwa kuwa bado walikuwepo waliojua kuiosha, kuianika na kuitoa sumu. Na waliojua hawakujifunza siku ile. Walijua kwa sababu katika miaka ya neema, nazi zilipokuwa tele na samaki wakigawiwa majirani, vyakula hivyo vilikuwa vikipikwa bila ya haya, kwa hiari, kwa sababu ni vitamu. Elimu ya chakula haiwezi kuwekwa kabatini ikasubiri dhiki. Ikiachwa kwa kizazi kimoja, dhiki inayofuata huwakuta watu na uwanga nyuma ya nyumba na sumu midomoni. Wala dhiki haiko mbali kiasi hicho: Zanzibar huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya mchele inaoula, na meli ikichelewa au bei ikipanda Asia, bei hupanda Micheweni kabla ya Ijumaa ya pili.

Kisha kuna wanaoipenda bada kupita kiasi, na hao wanahitaji kuambiwa maneno yao pia. Ni washairi, wengi wao wanaume, wanaoimba kinu na mchi, moshi wa kuni alfajiri na mikono ya mama, wakiwa wameketi mjini. Mchi una uzito. Moshi unaharibu macho na kifua. Kwenda kutafuta kuni katika ardhi ya maweni ni safari ya mguu, na mwanamke wa Kiuyu anayerudi kwenye mwani maji yanapoanza kujaa, miguu imechunwa na chumvi, hana deni la kumpikia mtu shairi. Akichagua mchele kwa sababu unaiva kwa robo saa, amefanya hesabu sahihi ya siku yake. Mshairi anayetaka kisamvu kitwangwe kwa mchi wa zamani na ashike mchi mwenyewe. Na kama hawezi, basi aisifu mashine ya kutwangia, kwani kisamvu kilichopita mashineni kikapikwa kwa tui la kwanza na la pili bado ni kisamvu. Upishi huu hauna ibada ya taabu ndani yake. Waliouunda walikuwa hodari wa kupunguza taabu kila walipopata njia, na wangalikuwa na mashine wangaliitumia siku ile ile.

Kwa hivyo kinachodaiwa hapa hakina uhusiano na kuwarudisha watu nyuma ya moshi. Kinachodaiwa ni kwamba chakula hicho kitajwe hadharani kwa jina lake na mpishi wake aheshimiwe kama mwenye fani. Je, jambo hilo haliwezekani? Limewezekana kwengine, tena mahali ambapo Pemba ina udugu napo bila ya kujua.

Karafuu, ambayo Pemba hujulikana kwayo, haikuwa ya Pemba. Nyumbani kwake ni visiwa vidogo vya Maluku ya Kaskazini, Ternate na Tidore na jirani zao, katika Indonesia ya leo. Wadachi waliilinda kwa mabavu katika karne ya 17, wakaamuru mikarafuu ikatwe kila mahali wasipopatawala. Wafaransa wakaiba miche yake karne iliyofuata wakaipanda Mauritius. Na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja na Pemba. Kimbunga cha 1872 kilipoivunja mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo shamba. Kwa muda mrefu katika karne ya 20 mnunuzi mkubwa wa karafuu hizi alikuwa Indonesia hiyo hiyo, iliyozichanganya na tumbaku na kuzivuta katika sigara. Watu wa Kiuyu waliovuka kwenda magharibi msimu wa uchumaji walikuwa wakipanda mikarafuu kuchuma moshi wa watu wengine. Mwani wanaoulima leo nao hawaukuti katika sahani yao. Kisiwa kimezoea kulima kisicholiwa na kuona haya kwa kinacholiwa.

Ng'ambo ya bahari ya Maluku, kwenye ncha ya kaskazini ya Sulawesi, upo mji wa Manado, nchi ya Waminahasa, wenye minazi na mikarafuu kama Pemba, wavuvi kama Pemba, ingawa wengi wao ni Wakristo na vyungu vyao vina nyama ambazo Mpemba hawezi kuzigusa. Wanakula samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa kwa moshi, wanapenda pilipili kupita kiasi, na asubuhi hunywa uji uitwao tinutuan. Uji huo ni mchele kidogo uliozidishwa kwa boga, muhogo au viazi, mahindi na majani ya aina aina, hauna nyama, na pembeni yake huwekwa pilipili ya kusaga na samaki wa chumvi. Mtu yeyote wa Kiuyu akiuona atauelewa mara moja: ni chakula cha mpishi mwenye mchele mdogo na watoto wengi. Watu wa Manado wangeweza kuuficha. Badala yake, katika miaka ya 2000 mji wao ulijitangaza kuwa Mji wa Tinutuan, na mtaa wa Wakeke ukawa mahali pa wauzaji wa uji huo, mgeni akifika hupelekwa huko kwanza. Hakuna aliyesikika akisema kuwa mji umejidhalilisha. Uji wa maskini umebaki uji ule ule, na aliyeupika anajulikana kuwa ni mpishi.

Itasemwa kwamba huko ni biashara ya utalii, na kwamba utalii ukiingia jikoni hutoka na chungu. Tahadhari hiyo ina haki. Forodhani imekwisha kuonyesha jinsi chakula kinavyogeuka kinapopikiwa kamera: kuna mkate uliojazwa mayai na nyama unaouzwa hapo kwa jina la piza ya Zanzibar, na wageni huondoka wakidhani wamekula urithi. Kama hiyo ndiyo heshima inayosubiriwa, afadhali bada ibaki nyuma ya mafiga. Lakini heshima ya kwanza hailetwi na mtalii. Inaanzia kwa watoto wa nyumba yenyewe, katika skuli za Micheweni, ambako somo la wanga lingeweza kufundishwa kwa uwanga wenyewe uliong'olewa uwanjani, na ambako mtoto anayeleta makopa ya kuchemsha kwa ajili ya mapumziko asingechekwa na mwenzake mwenye maandazi.

Inaanzia pia kwa washairi. Kisiwa hiki kiliwazaa Kamange na Sarahani, na walipokusanywa katika kitabu mwaka 2011, Kale ya Washairi wa Pemba, wapenzi wa ushairi walifurahi kwa haki, kwani mashairi yaliyokuwa yakiishi vifuani mwa watu yalipata kurasa. Watu walizunguka, wakauliza, wakahifadhi, wakafafanua maneno magumu. Hakuna aliyesema kuwa kazi hiyo ni ya kupoteza wakati. Jiko la Kiuyu nalo linaishi vifuani, vifua vya wanawake ambao wengi wao sasa ni vikongwe, na ni wachache, kama wapo, wanaozunguka na daftari kuuliza kasimile huingia lini, mbegu gani ya muhogo haitwangwi bichi, na mkate wa mofa wa mtama ulikandwa kwa maji au kwa tui. Washairi hao hao wanaolia kwamba Kipemba kinakufa hupita mlangoni mwa jiko kinapofia, wakaenda kuandika beti za maombolezo.

Jumuiya za utamaduni za visiwa hivi hukutana kila mwaka kupanga matamasha yao. Kuna fungu la wapiga ganuni na fidla, fungu la ngoma, fungu la majukwaa na taa. Chakula huwekwa katika fungu la "huduma", pamoja na viti na maji ya kunywa, na hupewa mtu wa zabuni anayeleta pilau katika masanduku ya plastiki. Ratiba ya tamasha lijalo itakapoandikwa, mpishi kutoka Kiuyu aandikwe humo kwa jina lake kamili, siku yake na saa yake, mbele ya hadhira iliyoketi. Apelekewe usafiri hadi Maziwa Ng'ombe, kwani hatakuja na vyungu vyake kichwani. Apewe kuni kavu na nazi zilizokomaa, na alipwe sawa na mpiga ganuni.